Matairi Mawili Mapya na Mama Mkwe wa Mabula

Vijana wa karakana mliniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, nami nikakubali haraka kuliko ilivyofaa. Ukurasa huu nimeuanza mara kadhaa nikauchana, maana shule yangu iliishia darasa la nne, na mkono wangu umezoea tairi liva, kile chuma cha kubandulia matairi, kuliko kalamu. Mkiona nimemwonea mtu humu, mjue sikukusudia. Habari za vyeo nitaziruka, kwa sababu vyangu havijazi hata mstari. Nitaandika habari za matairi. Hayo ndiyo niliyoyajua, kama kweli niliyajua.

Nilianza miaka michache baada ya uhuru, kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba pale Shinyanga, upande wa kuelekea Ibadakuli. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa shati jeupe. Nilidhani kuajiriwa ni jambo la shati jeupe. Fundi wa matairi alikuwa Mzee Saidi, mtu wa Tabora, mfupi, mwenye masikio makubwa. Akanitazama akasema, "Umekuja kazini au umekuja kuposa?" Nikamwambia shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akanisukumia tairi la lori kifuani. Jioni ile shati halikuwa na rangi ambayo mtu angeweza kuitaja.

Mzee Saidi alinifundisha mengi, na mengine sijui kama yalikuwa kweli. Alinifundisha kutia mate kwenye valvu, yakitoa povu ujue inavuja. Alinifundisha kuweka tyubu shavuni, si mkononi, kwa sababu shavu linasikia upepo mdogo ambao mkono hauusikii. Hilo ni kweli, jaribuni. Alinifundisha pia kwamba usimwambie dereva habari mbaya ya tairi kabla hajala, na hilo nalo nimeliona. Lakini aliamini vilevile kwamba tyubu iliyozibwa siku ya Ijumaa haitoboki tena, na hapo mimi nina mashaka, maana niliziba upya nyingi alizoziziba Ijumaa.

Wakati ule tairi halikuwa takataka hata likiisha. Watu walingojea litoke garini ili wakakate katambuga, viatu vile vya tairi ambavyo wafugaji wetu huvivaa mpaka vinarithiwa. Lori letu likisimama sokoni, utaona wazee wanainama kuyatazama magurudumu yake jinsi watu wanavyomtazama ng'ombe aliyenona. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Hili mtalichinja lini?"

Basi, ikaja miaka ya uhaba. Wengine mlikuwa bado mnanyonya. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sukari ya kupangiwa foleni, na tairi jipya lilikuwa habari ya kusimuliwa. Mzee Saidi alikuwa amekwisha kurudi kwao Tabora, karakana ya matairi nikabaki mimi. Niliziba tyubu mpaka kiraka kikakaa juu ya kiraka. Palipokosekana tyubu kabisa tulijaza majani makavu ndani ya tairi, gari likaenda kwa mwendo wa mtu mwenye mguu mmoja mfupi.

Ndipo yakaja matairi mawili mapya ya Landrova.

Sisemi uongo, watu walikuja kuyanusa. Mhasibu alitoka ofisini kwake, akainama, akavuta pumzi, akasema, "Eh!" kisha akarudi. Mama Kulwa wa jikoni alipitisha kidole kwenye meno ya tairi kama mtu anayempapasa mtoto mchanga kichwani. Landrova ilikuwa moja tu iliyokuwa ikitembea, na matairi yake manne yalikuwa vipara vitupu. Mapya yalikuwa mawili. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyotuletea yote yaliyofuata.

Dereva wa Landrova alikuwa Mabula, mtu mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alifika karakana kabla hata sijafungua karatasi.

"Fundi Maganga, hayo yanakwenda mbele."

Fundi mkuu, Fundi Mhoja, alikuwa chini ya lori. Tukasikia sauti yake kabla ya kuuona uso wake. "Yanakwenda nyuma."

"Mbele!"

"Nyuma, Mabula. Nimesoma jambo hili."

Nataka niwe wa haki kwa wote wawili. Fundi Mhoja alikuwa amesomea ufundi, na maneno yake yalikuwa na sababu. Alisema kwenye utelezi gari likikosa mshiko mbele linakwenda moja kwa moja, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta linarudi kwenye akili zake. Likikosa mshiko nyuma, mkia unatangulia, gari linageuka lenyewe, na hapo hakuna dereva, kuna abiria watupu. Mabula naye alikuwa na sababu. Zamani kidogo, kwenye mteremko kabla ya Kahama, tairi la mbele lilimpasukia. Usukani ulimponyoka mikononi, gari likaingia kwenye shamba la mihogo, likatoka upande wa pili likiwa limejaa mihogo. Tangu siku ile kila akipita mteremko huo anaacha kuongea.

Nikasikiliza huyu, nikaona ni kweli. Nikasikiliza yule, nikaona ni kweli. Huo ndio ugonjwa wangu, nami sikuupatia dawa mpaka nimestaafu.

Mchana Mabula alinifuata nyuma ya lundo la matairi mabovu, akapunguza sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu.

"Maganga, ndugu yangu, nikueleze ukweli. Minza ameondoka."

Minza alikuwa mke wake. Nikamwuliza ameondoka kwenda wapi.

"Kwao, Bugarama. Ni kwa sababu ya kinu."

Ikawa hivi. Mabula alikuwa akitengeneza gari nyumbani kwake siku ya Jumapili, akakosa kitu cha kuegemeza ekseli. Akachukua kinu cha mkewe, akakiweka chini ya Landrova. Kinu kikapasuka katikati. Minza alikitazama kinu, akaitazama Landrova, akafunga nguo zake.

"Sasa safari hii ya kupeleka mbegu inapita Bugarama," akasema Mabula. "Nimetafuta kinu kingine. Nataka nimrudishe mke wangu. Likinipasukia mbele kama mwaka ule, nitafia njiani na mama yake atasema afadhali. Unanielewa? Nataka nifike."

Nikamwambia namwelewa. Halafu nikamwambia kwamba na Fundi Mhoja pia namwelewa. Akaniita jina ambalo sitaliandika.

Jambo hili lingeishia karakana kama si Doto. Doto alikuwa mpakiaji, na wapakiaji husafiri nyuma, juu ya mizigo. Alipata habari kwamba matairi mapya yanataka kufungwa mbele, akazipeleka kwenye kamati ya wafanyakazi. Kikao kikaitishwa kwenye ghala la marobota ya pamba, mwenyekiti akiwa Ndugu Lutonja wa mizani.

Doto akasimama. "Ndugu mwenyekiti, mbele ya gari anakaa nani?"

"Dereva na Bwana Mkaguzi," akajibu Ndugu Lutonja. Bwana Mkaguzi alikuwa mkaguzi wa maghala ya mbegu, na safari ile ilikuwa yake.

"Na nyuma?"

"Nyinyi."

"Kwa hiyo wakubwa wakalie mapya, sisi tukalie vipara. Ndiyo tuliyofundishwa kwenye semina?"

Ghala zima likapiga makofi. Mimi nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anakalia tairi. Nilidhani anakalia kiti. Lakini kila nilipotaka kulisema hilo niliona naweza kuwa nimekosea.

Fundi Mhoja alisimama. "Mimi nasema yaende nyuma kwa ajili ya utelezi, si kwa ajili ya makalio ya mtu."

"Tunakushukuru, Fundi," akasema Doto. "Ukweli ni ukweli hata ukija kwa bahati."

"Huo si ukweli wako! Ni mwingine!"

"Lakini umefika pale pale."

Mabula alinguruma kwamba wakitaka kukaa juu ya mapya wajifunze kuendesha. Mtu akamjibu kwamba na yeye akitaka kumwoa Minza mara ya pili ajifunze kutwanga. Watu wakacheka mpaka vumbi la pamba likainuka. Habari ya kinu, kumbe, ilikuwa imeshafika kila mahali. Bwana Mkaguzi alipoulizwa maoni yake alisema yeye angependa kujua tu jua litakuwa upande gani.

Mwisho Ndugu Lutonja alikata shauri. Haki ni kupokezana. Wakati wa kwenda mapya yakae mbele, wakati wa kurudi yakae nyuma. Na ili uamuzi usichakachuliwe njiani, fundi wa matairi asafiri na gari, afanye mabadiliko mwisho wa safari. Fundi Mhoja alijishika kichwa. Mimi nikaenda kumwambia mke wangu anifungie viazi.

Tuliondoka mvua zimeanza. Mbele Mabula na Bwana Mkaguzi. Nyuma Doto na mimi, magunia ya mbegu, jeki, wili spana, ubao wa kuwekea jeki kwenye tope, spea yenye viraka, na kinu kipya kilichofungwa kamba kama mfungwa. Barabara ya kule mnaijua, ile ya udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka unakata tairi, ukilowa unalimeza. Mkia wa gari ulikuwa ukicheza huku na huku, kama alivyosema Fundi Mhoja. Kila ulipocheza Doto alipiga kelele, "Wa nyuma tunakufa!" Mabula akajibu kutoka mbele, "Tutawazika!" Tairi la mbele halikupasuka, kama alivyotaka Mabula. Mimi nikawa nahesabia pande zote mbili kichwani, na sikupata mshindi.

Tulilala Kahama, Nyahanga, kwa binamu yake Doto. Asubuhi tukashika njia ya Bugarama, tukashusha mbegu kwenye ghala na kupakia magunia matupu ya kurudisha, halafu Mabula akaligeuza gari kuelekea ukweni bila kumwomba Bwana Mkaguzi ruhusa. Bwana Mkaguzi alikuwa amelala.

Sasa kuna jambo ambalo wa huku mnalijua, lakini karakana siku hizi ina watu wa kutoka pote, kwa hiyo naliandika. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono. Heshima yao ni kukwepana. Mabula alisimamisha gari mbali na nyumba, akashuka, akaenda kusimama nyuma ya Landrova akiangalia mbuyu wa jirani. Mama Minza akatoka, mwanamke mwembamba mrefu, akasimama mbele ya gari, amejifunika khanga, anaangalia mahindi yake. Na mimi nikajikuta katikati, ubavuni mwa gari, na spana mkononi.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mwulize mkwe kama kinu kimekuja."

"Mabula, mama anauliza kama kinu kimekuja."

"Nimesikia. Mwambie kimekuja."

"Mama, anasema kimekuja."

"Nimesikia na mimi. Mwulize ni cha mti gani."

"Mninga!" akaita Mabula kabla sijageuka.

"Mwambie mninga ni mti wa vitanda," akasema Mama Minza. "Lakini basi."

Doto alikishusha kinu, akakisimamisha chini. Mama Minza alikizunguka, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Mzee Saidi angempenda. Kisha Minza mwenyewe akatoka ndani na mzigo kichwani, umeshafungwa. Sikuweza kujua aliufunga tangu lini. Nilipomtazama vizuri niliona anajizuia kucheka.

"Mwanangu atarudi," akasema Mama Minza. "Lakini nakwenda naye. Nataka niione hiyo nyumba kwa macho yangu. Nikiona inakaliwa na magari, narudi naye siku hiyo hiyo, na kinu."

Mkono ukatokeza nyuma ya gari. Mabula akanivuta shati, akaninong'oneza sikioni. Chumbani kwake, ndani ya beseni la kufulia la Minza, kulikuwa na giaboksi ya lori ikiloweka kwenye dizeli.

"Ondoa tu ukifika," nikamnong'oneza.

"Ataingia kabla yangu! Mimi siwezi kuingia mlango mmoja naye!"

Nikaona ni kweli. Mtu huyu alikuwa amesafiri salama kwenda kumchukua mke, na sasa alikuwa anajichukulia pia mtu wa kumrudisha. Lakini kumkatalia mama mkwe safari ni kutukana ukoo. Nami nikatoa jeki, maana kamati iliniagiza wakati wa kurudi mapya yaende nyuma.

"Huyu anafanya nini?" akauliza Mama Minza.

Hapo ningeweza kusema ninakaza nati. Lakini nimeulizwa, nikaeleza. Nikaeleza mapya ni mawili na vipara ni viwili. Doto akanisaidia kwa mengine, habari za kikao, habari za nani anakalia nini.

Mama Minza alisikiliza. "Kwa hiyo mkwe alitaka mapya yake yeye, mbele. Na mimi mzee nitakaa nyuma, maana mbele siwezi kukaa naye."

"Mwambie mkwe," ikatoka sauti ya Mabula nyuma ya gari, na safari hii haikuwa ya kuita ng'ombe, "mwambie mapya yote ni yake. Maganga, weka nyuma! Haraka!"

Nikaweka nyuma. Msidhani ni jambo la kupiga vidole. Jeki moja, ardhi laini, kila gurudumu unafungua, unashikiza spea, unashusha, unahamia upande mwingine, ubao unazama. Doto alinisaidia kwa maneno. Nilipomaliza, tope limenifika viwiko, Mama Minza akasogea.

"Mwanangu, wewe fundi. Vipara vikiwa mbele, kikipasuka?"

Nikamwambia ukweli. "Usukani unavuta, mama. Gari linaweza kwenda shambani."

"Anaumia nani kwanza?"

"Dereva."

"Ambaye ni mume wa mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Yaani mimi nikae salama huku nyuma namtazama mwanangu anageuka mjane? Watu wa Bugarama watasema nini? Rudisha mbele!"

"Mwambie mkwe siwezi!" akasema Mabula. "Siwezi kumweka mkwe wangu juu ya vipara! Nitajificha wapi?"

"Mwambie mkwe akiwa amekufa hatahitaji kujificha!"

"Mwambie mkwe mimi nimeshaishi!" akajibu Mabula.

"Mwambie yeye bado kijana, mimi wangu wameshakua! Rudisha mbele, fundi!"

Yeye alikuwa mzee kuliko wote pale. Nikarudisha mbele.

Wakati huo Bwana Mkaguzi alikuwa ameamka. Aliangalia mawingu yaliyokuwa yamejazana upande wa Geita, akauliza kwa nini hatuondoki. Nikamweleza. Akauliza mara ya pili, nikamweleza kwa maneno mengine. Akasema yeye ni mkaguzi wa mbegu, akarudi kukaa.

Mabula akakataa kupanda. Alikaa chini nyuma ya gari, kwenye tope, mtu mzima, akasema mapya yasipokwenda nyuma kwa mama mkwe wake, Landrova itaota mizizi pale pale. Na nilivyomtazama, sikuona ujanja. Mtu yule yule aliyegombana na kiwanda kizima ili aendeshe juu ya mapya, mtu ambaye kila mteremko ulimfunga mdomo, sasa alikuwa anataka vipara viwe chini yake. Sijui kama ilikuwa heshima, au woga wa beseni, au alikuwa anampenda mkewe. Labda mtu anaweza kuwa na vyote vitatu kwa wakati mmoja. Mimi si mtaalamu wa hayo.

"Maganga," akasema, "weka nyuma. Nakuomba kama ndugu."

Nikapiga jeki upande wa kulia. Nikatoa jipya la mbele, nikashikiza spea, nikahamia nyuma, nikatoa kipara, nikafunga jipya, kipara nikakipeleka mbele. Jasho na tope vilikuwa kitu kimoja. Nilikuwa ndiyo kwanza nahamisha ubao kwenda upande wa kushoto niliposikia Mama Minza anacheka. Alicheka kwa nguvu, ameshika kiuno, khanga imemwanguka begani.

"Fundi, acha. Acha kabisa."

Nikaacha.

"Mwambie mkwe siendi. Nilitaka kwenda kuona kama mwanangu ana mume au ana dereva. Nimeshaona. Mtu anayekaa kwenye tope na suruali yake nzuri kwa ajili yangu, nyumba yake nikaitazame ya nini? Na mimi nina karanga za kupanda, mvua hii."

Kwa kuwa nimeahidi haki, niseme kwamba sijui hata leo kama ni lile tope lililomgeuza au ni karanga. Alikuwa amezitaja karanga tangu tulipofika, ila hakuna aliyemsikiliza.

Mabula aliinuka. Akajipangusa tope kwenye suruali. Kisha akasema, "Mwambie mkwe wabeja sana," yaani asante, kwa lugha yetu.

"Mwambie nimesikia," akasema Mama Minza. "Na mwanangu atakaa mbele, na mumewe."

Bwana Mkaguzi akatoa kichwa dirishani. "Mbele nakaa mimi."

Mama Minza alimtazama. Yule hakuwa mkwe wake, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumtazama, na aliitumia yote. Bwana Mkaguzi akafungua mlango, akashuka.

"Karibu kwa wananchi, Bwana Mkaguzi," akasema Doto akimnyooshea mkono. "Kalia gunia hili, lile lina panya."

Tone la kwanza la mvua likaanguka, la pili likaja na ndugu zake. Tukarusha jeki ndani, tukapandisha kinu, Mabula akawasha gari, tukaondoka mbio. Tulikuwa tumefika mbali, tumeshavuka korongo ambalo baada yetu lilijaa, ndipo nikakumbuka nilikuwa nimehamisha upande mmoja tu. Jipya moja lilikuwa mbele kushoto, jingine nyuma kulia. Vipara vilikuwa kwenye kona mbili nyingine. Hakuna chuo duniani, nadhani, kinachofundisha vile. Nikamwambia Doto. Doto akamwambia Bwana Mkaguzi. Bwana Mkaguzi akauliza kama gunia lake liko kwenye kipara, nikalazimika kumwambia ndiyo, akahamia kwa panya.

Nilitaka kugonga bati la kibanda cha dereva nimwambie Mabula asimame. Lakini mbele walikuwa wanaongea, na kwa mara ya kwanza kwenye mteremko ule wa mihogo nilimsikia Mabula hanyamazi. Kisha nikasikia sauti ya Minza.

"Beseni langu?"

Mabula akasema kitu chini chini.

"Lipi? Lile kubwa? Simamisha gari!"

Gari likasimama. Minza akashuka kwenye mvua, akalizunguka lote, sisi wa nyuma tumeinamia magunia. Alipofika kwetu alitutazama mmoja mmoja kana kwamba sote tuliloweka giaboksi. Akaendelea kuzunguka, akafika mlangoni.

"Twende," akasema. "Lakini hilo dude linatoka kabla sijavua viatu. Na kinu kikiguswa, naibomoa hiyo Landrova kwa mchi."

"Sawa, mke wangu," akasema Mabula, na mlango ukafungwa.

Kuna jambo moja ambalo vijana mtaniuliza. Nyinyi mliotoka chuo mnasema mapya nyuma, kama Fundi Mhoja. Nimewaona mkifanya hivyo, na magari yenu yanarudi. Nawashauri mwendelee hivyo hivyo, hasa masika. Lakini dereva akija na neno lake msimfukuze, mwulizeni kwanza anakwenda wapi na kumfuata nani.

Tulifika Shinyanga kesho yake jioni, jua limetoka upya. Fundi Mhoja alikuwa getini anatungoja. Aliangalia mbele, akaona jipya kushoto, kipara kulia. Akaenda nyuma, akaona jipya kulia, kipara kushoto. Akarudi mbele. Akazunguka tena, polepole, kama mtu anayetafuta mahali alipoangusha funguo. Mabula alikuwa ameshashuka na kumsaidia Minza mzigo, wote wawili wanatembea kuelekea nyumbani wakibishana juu ya dizeli inavyotoka kwenye beseni.

"Maganga," akasema Fundi Mhoja, "kamati ndiyo iliyoagiza hivi?"

"Hapana."

"Ni wewe?"

"Hapana, Fundi. Ni mama mkwe wa Mabula."

Fundi Mhoja alisimama akaitazama Landrova. Akawatazama wale wawili mpaka wakakunja kona. Akajifuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

"Basi iache hivyo hivyo," akasema.

Nikaiacha. Ilitembea vile mpaka matairi yale mawili yakaisha nayo yakawa vipara.